Mfenesi wa Chini ya Tenga

Bonaventura hakupata kubisha hodi nyumbani kwa mdogo wake hata siku moja, na mdogo wake alipofariki hakuona sababu ya kuanza. Asubuhi ile aliingia uani, pale Mwankoko, akiwa na koti lake la kaki lenye mifuko minne na kamba ya katani imeviringishwa begani. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mbao mlangoni, akasimama mbele yake, akangoja. Asnath alikuwa amekikalia, anapepeta mtama.

Asnath akainuka. Miaka yote ameinuka. Kiti kile alikichonga Zefania mwenyewe, mume wake, kwa shoka na ulevi wa mapenzi mwaka waliooana, lakini makalio ya Bonaventura yalikuwa yamekizoea kuliko ya wenye nyumba.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Maji ya kunywa yapo?"

Asnath akaenda kuchota. Alipokuwa anainamia mtungi alimtazama kwa pembeni, akaona vile alivyomwona siku zote: koti linatembea na mtu ndani. Koti hilo lilikuwa na historia kuliko mwenye kulivaa. Bonaventura alikuwa tarishi katika ofisi moja ya kilimo huko Tanga. Alibeba mafaili kutoka mlango huu kwenda mlango ule mpaka akastaafu, na inaelekea elimu iliyokuwamo ndani ya mafaili ilimwingia kwa njia ya kwapa, kwa sababu aliporudi Singida alirudi akiwa mtaalamu. Akitembelea shamba la mtu hasemi neno kwanza. Anaokota udongo, anaunusa, anatikisa kichwa kwa huzuni. Watu wakaanza kumwita Bwana Shamba kwa utani. Yeye aliupokea utani ule kama cheo.

Alikunywa maji, akamwaga yaliyobaki miguuni pa Asnath.

"Nimekuja na jambo dogo," alisema. "Kuna mtu nimemwonyesha hiki kiwanja. Jumamosi anakuja kukikanyaga."

"Kiwanja kipi?"

"Hiki ulichosimama."

Asnath akashusha ungo chini taratibu, mtama usimwagike. "Hapa ni kwa Zefania."

"Zefania nilimwazima ajistiri. Sasa Zefania ana makao yake, hadai tena pa kulala. Na mimi ndiye mkubwa, baba aliniachia mimi. Sijakuja kubishana, nimekuja kupima." Akafungua kamba. "Wewe una kwenu. Kinampanda si mwezini."

"Kwetu Kinampanda nilitoka na sanduku moja la bati. Baba alishakufa, kaka zangu wamegawana mpaka kivuli cha paa. Nikirudi nikalale wapi, shemeji, juu ya lile sanduku?"

"Sikudhulumu mimi. Bati zako unang'oa, milango unang'oa, tofali ukitaka unabeba. Nyumba ni mali ya kuhama nayo." Alikunja mguu mmoja juu ya mwingine. "Ila ardhi, mama Jesca, ardhi ina utaratibu. Angekuwa amepewa, angepanda mti. Niambie, tangu mmehamia hapa, Zefania amepanda mti gani? Hata mpapai hakuna. Kwa nini? Kwa sababu alijua. Aliyeazimwa analima mtama, analima alizeti, anavuna anashukuru. Hapandi mti. Mti haung'olewi kama bati. Hilo hata watoto wa hapa wanalijua."

Wanalijua kweli. Ndivyo ilivyo huku. Mti ndio maandishi ya mtu asiyeandika. Akatazama ua wake, toka ukutani mpaka uzio wa minyaa uliopandwa na babu yao, akaona jinsi ulivyo mweupe na mtupu kama sahani iliyolambwa. Kwenye kona, nyuma ya bafu la mabua ya mtama, kulikuwa na tenga kuukuu limefunikwa kifudifudi. Akaondoa macho haraka.

Ndipo upepo ukaja. Upepo wa Mwankoko mwezi wa kumi si upepo wa kusimulia ukaaminika. Uliwahi kumvua shati mtu aliyekuwa amefunga vifungo vyote. Ulipita juu ya minyaa, ukaingia uani bila hodi, sawasawa na Bonaventura, ukalichota lile tenga na kulibiringisha mpaka miguuni pa mwenye koti.

Chini ya tenga hakukuwa na kuku. Kulikuwa na mti.

Mti wenyewe ulimfika mtu kiunoni, majani ya kijani kibichi yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na shina lilikuwa limejipinda katikati kama mzee anayetafuta sindano. Lakini ulikuwa hai. Katika ua ule wenye vumbi ulikuwa hai mpaka ulitia aibu.

Bonaventura akainuka, akausogelea. Akainama. Akakata jani, akalinusa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mpira," alisema. "Huu ni mti wa mpira. Wazungu walikuwa wanapanda kwenye mashamba yao. Hauna faida yoyote kwa mwananchi."

"Ni fenesi, baba mkubwa," ilisema sauti kutoka mlangoni. Ilikuwa ya Jesca, binti wa Asnath, aliyekuwa anajiandaa kwenda mjini kusuka watu nywele.

Utomvu mweupe wa jani ulikuwa umeshamganda Bonaventura vidoleni. Akajipangusa kwenye koti, koti likashika vidole, vidole vikashika koti, na unyoya mmoja wa kuku uliokuwa unapita na upepo ukatua hapohapo ukabaki.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nawapima. Tanga kule mafenesi tulikuwa tunawapa mbuzi." Kisha akakumbuka alichokuja kufanya, uso ukamkaza. "Nani amepanda mti hapa?"

Asnath akauchukua tena ungo wake.

"Nimeuliza, nani amepanda mti kwenye ardhi yangu, akaufunika na tenga kama mwizi?"

"Shemeji, wewe umesema ni mpira," Asnath alisema. "Mpira hauna faida. Unakuudhi nini?"

"Usinichezee. Mpaka Jumamosi mti huu uwe umetoka. Usipotoka namleta mwenyekiti wa mtaa, na nitasema umeupanda juzi, baada ya kaburi, kwa kificho. Ukiondoka hapa utaondoka na jina la mwizi."

"Mlete."

Hakutegemea jibu hilo. Akaviringisha kamba bila kupima kitu, akatoka, na ule unyoya bado uko kwenye koti, unampungia Asnath mkono kwa nyuma.

*

Jioni Jesca aliporudi alimkuta mama yake anaoga, na maji yanapita kwenye mfereji mdogo kuelekea kwenye mti. Ndivyo mti ule ulivyoishi. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji likijisikia, na maji ya ziwa la jirani ni chumvi tupu, hata mbuzi huyaangalia kwa dharau. Mfenesi ule ulikua kwa povu la sabuni na jasho la watu watatu, baadaye wawili.

"Mama, ung'oe," Jesca alisema kupitia mabua. "Tuuondoe kabla hajamleta mwenyekiti. Mjini wenzangu wanapanga vyumba, tutapanga na sisi."

"Ung'oe wewe. Wewe ndiye uliyeleta."

"Nilileta fenesi la kula. Sikuleta kesi."

Ni kweli. Mwaka juzi, akitoka Morogoro kwenye harusi ya rafiki yake, Jesca alinunua kipande cha fenesi dirishani mwa basi, akasafiri nacho mapajani mpaka abiria wenzake wakamchukia. Asnath alikula nyama ya kokwa moja, akatema. Harufu ile ilimshinda. Alisema inanuka kama kanisa lililofungiwa ndizi. Mbegu zilizobaki alizichemsha wakala na chumvi. Moja ilianguka kwenye mfereji wa bafu, na wiki kadhaa baadaye ikasimama na majani mawili, inamwangalia.

Siku ile Zefania alitetemeka. Asnath hakuisahau. Mwanaume mzima, mwenye mikono ya kuchonga kiti kwa shoka, alichuchumaa mbele ya kichipukizi kama mtu aliyekuta chatu uani. "Kaka akiuona," alisema. "Asnath, kaka akiuona atasema tumejimilikisha."

"Si ulisema alikupa?"

"Alinipa, ndiyo. Kwa mdomo wake alinipa, baba akiwa hai. Lakini wewe humjui kaka."

"Namjua. Ni koti."

Zefania hakuung'oa, maana Asnath alisimama juu yake na mwiko. Lakini kesho yake alikuja na tenga la kubebea nyanya. Kila Bonaventura alipoonekana kwa mbali, Zefania alikimbia nyuma ya bafu akalifunika. Kaka yake akiuliza kuna nini, alijibu: "Kuku anaatamia." Na Bonaventura, mtaalamu wa kilimo, aliliamini tenga lenye kuku anayeatamia mwaka mzima bila kutoa kifaranga. Mti ulipofika kimo cha tenga haukuambiwa. Uliendelea kukua, ukagota, ukajikunja, ukatafuta njia pembeni. Kisha Zefania akafa, ghafla, kifua, na tenga likabaki mahali pake kwa mazoea.

Asnath alimpenda mume wake, na alimdharau. Hivyo viwili vililala naye kitanda kimoja miaka yote na havikuwahi kugombana.

"Wakiuliza nani alipanda, tutasema nini?" Jesca aliuliza.

"Tutasema ukweli."

"Kwamba tulificha? Mama, kilichopandwa kwa kificho ni wizi. Mwenyekiti atasema hivyohivyo. Mwenye ardhi angekuwa aliuona akanyamaza, hapo sawa. Lakini hakuuona. Aliona tenga."

Asnath akatoka bafuni amejifunga kanga, maji yanamchuruzika. Akautazama mti, na pindo lake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hakuupenda. Alikuwa na hasira nao kama mtu anavyokuwa na hasira na mtoto anayefanana na baba yake.

"Haung'olewi," alisema, akaingia ndani.

*

Jumamosi walikuja wote kwa pamoja, kama msiba.

Mnunuzi aliitwa Leonidas, mtu wa mashine za kukamua mafuta ya alizeti, tumbo linatangulia na gari la mizigo jekundu linafuata. Alisalimiana na wanaume. Akampita Asnath kama nguzo. Akazunguka ua, akafungua mlango wa jiko, akafunua sufuria, akaona mlenda, akafunika.

"Hapa geti," alisema. "Hapa tenki la maji. Kile ni nini?"

"Bafu," Bonaventura alijibu. "Hilo linabomolewa, bosi. Ukisema leo, leo."

"Na huyu mama?"

"Huyu anaondoka."

Leonidas akamgeukia Asnath kwa mara ya kwanza. "Mama, nisaidie kamaji kidogo nisafishe kiatu. Nimekanyaga kinyesi cha kuku."

Asnath akamletea. Leonidas alisafisha kiatu kwa maji ya kunywa, na hayo yalikuwa ya siku mbili.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Enock, aliketi kwenye benchi lililoazimwa kwa jirani. Alikuwa mtu wa haki kwa sababu alikuwa mvivu. Uongo humchosha mtu kuukumbuka, yeye hakutaka kuchoka. Pembeni yake alikaa mjumbe, mama Marietha, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila mbegu za alizeti mdomoni. Alizitafuna upande mmoja, akatema maganda upande mwingine, na katikati akapitisha maneno. Kiti cha Zefania alikikalia Bonaventura. Asnath, ndani ya ua wake, alikalia dumu.

Bonaventura alizungumza kwanza na alizungumza sana. Alisema juu ya baba yao, juu ya ukubwa wa kuzaliwa, juu ya huruma yake. Akamaliza kwa kuunyoshea mti kidole. Tenga lilikuwa limelala ubavu pembeni yake.

"Na huo hapo ndio ushahidi wa nia mbaya. Umepandwa kwa kificho baada ya mdogo wangu kufa. Mwizi hupanda mchana?"

Enock akapiga miayo. "Hapa hakuna karatasi?"

"Hakuna karatasi, mzee. Mambo ya ndugu."

"Basi tutaenda na utaratibu wetu. Mti uliopandwa kwa kificho unang'olewa, na aliyepanda anahama. Mti uliopandwa mwenye ardhi anaona akanyamaza, huyo alishaitoa ardhi, asitusumbue. Kwa hiyo swali ni moja tu. Mama Jesca, shemeji yako aliujua huu mti?"

Asnath alitazama ndala zake. Alitazama tenga. Lile swali lilikuwa kama mlango mmoja, na nyuma yake kulikuwa na sanduku la bati na barabara ya Kinampanda. Jesca alikuwa amesimama na birika.

Kabla hajafungua mdomo, Leonidas alikuwa ameshafika kwenye mti. Alichuchumaa kwa shida, kama ng'ombe anayelala.

"Subirini," alisema. "Hili si fenesi hili?"

"Fenesi, ndiyo," mama Marietha alisema, akatema ganda.

"Singida? Kwenye jua hili?" Aligusa majani kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha kwa mtu yeyote asubuhi hiyo. "Mke wangu ni wa Muleba. Analilia fenesi kila siku ya Mungu. Nimeleta miche mpaka Issuna shambani kwangu, nimeweka mtu wa kumwagilia, nimeleta mtaalamu wa chuo. Yote ikakauka. Na huu unang'aa hivi nyuma ya bafu." Akainuka, magoti yakalia. "Mimi nasema ukweli, aliyeotesha huu mti ningemkabidhi shamba zima la Issuna alisimamie. Pikipiki juu."

Asnath alimwona Bonaventura akisikia. Aliona masikio yale yakisogea, kweli yakasogea, yakarudi nyuma kama ya punda aliyesikia debe la pumba. Na hapo ndani yake kitu kilitulia. Ni dharau yake yote ya miaka, ilikuwa imekaa bila kazi, sasa ikapata kazi.

"Mimi sijui miti, baba," alimwambia Leonidas kwa adabu. "Mimi namwaga maji ya kuoga tu. Mwenye ujuzi ni shemeji. Ila hata yeye juzi alipouona alisema ni mpira."

"Alisema ni nini?"

"Mpira. Akasema hauna faida kwa mwananchi."

Mama Marietha alicheka kwanza, mbegu zikamtoka. Kisha Leonidas, tumbo lote. "Mpira," alirudia. "Mzee wangu, wewe si umeniambia umefanya kazi ya kilimo Tanga? Tanga kwenye mafenesi? Mpira?"

"Utomvu ulimshika mpaka koti," Jesca aliongeza taratibu. "Madoa yale hapo."

Watu wote wakaangalia doa. Hata mzee Enock aliamka vizuri.

Bonaventura alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya udongo aliokuwa ananusa. Mtu mwingine angecheka na wenzake yakaisha, lakini koti halicheki. Kulikuwa na shamba la Issuna. Kulikuwa na pikipiki. Kulikuwa na mwanamke wa Kinampanda amekaa juu ya dumu anamtazama kwa macho makavu, bila kucheka, na hilo la kutocheka ndilo lililomuuma zaidi.

"Mimi niseme mpira?" alisema. "Mti ninaoujua tangu mbegu?"

"Tangu mbegu?" Leonidas aliuliza.

"Tangu mbegu, bosi. Mbegu nilikuja nayo mimi kutoka Tanga. Mnafikiri ilifikaje hapa, ilitembea? Nani mwingine katika ukoo huu anajua fenesi? Zefania? Zefania hata mchicha ulimfia mikononi, Mungu amrehemu."

Jesca akaweka birika chini. Akafungua mdomo. Asnath akamfinya kisigino kwa vidole vya mguu.

"Jesca, wape wageni chai."

Mama Marietha alikuwa ameacha kutafuna. Hilo peke yake lilikuwa tukio. "Sasa Bwana Shamba," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, "mbona umejikunja hapo katikati?"

"Ahaa." Bonaventura akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea, sasa yuko Tanga, yuko mbele ya wakulima wasiojua kitu. "Hapo ndipo penye utaalamu. Upepo wa hapa ni mkali. Mti ukiuacha ukawa wima, unavunjika. Nikaukunja makusudi. Kitaalamu. Ukienda Issuna nitakuonyesha, bosi, tunaikunja yote."

"Na hilo tenga?" aliuliza Asnath.

Alilitazama tenga. Na kwa muda mfupi sana, ikawa kama amekumbuka kitu, kuku fulani wa zamani, jibu fulani la mdogo wake. Lakini maneno yalikuwa yameshashika mteremko.

"Hilo tenga ni agizo langu. Kila nilipokuja hapa nilimwambia Zefania, funika mche jua lisiunguze. Funika, Zefania. Alikuwa mzito kuelewa, lakini nilisimamia. Kila nikija, naangalia."

Asnath alilazimika kuinamisha kichwa. Hakuwa anacheka. Alimwona Zefania anakimbia nyuma ya bafu, ndala moja imemvuka, tenga mkononi, anahema, anasema kuku anaatamia. Mume wake alikufa akiwa anamficha mtu huyu kitu ambacho leo mtu huyu anasema ni chake.

Mzee Enock alinyanyua kiganja. "Ngoja nielewe, nimezeeka. Mbegu umeleta wewe."

"Mimi."

"Zefania akiwa hai."

"Hai kabisa."

"Mti ukawa unakua, wewe unakuja, unauona, unaelekeza. Kwenye ardhi uliyomwazima."

"Ndiyo, mzee, kila..." Bonaventura alisema, akanyamaza.

Kuku wawili wakapita katikati ya kikao, wakatazama huku na huku, wakaendelea na safari yao.

"Ilikuwa kama pambo tu," alisema baadaye, sauti imeshuka. "Sikumaanisha..."

"Mimi nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu," Enock alisema, akitafuta fimbo yake. "Nimeona mtu amenyamazia mti, akanyang'anywa ardhi. Nimeona aliyechelewa kuuona. Ila mtu aliyeleta mbegu mwenyewe, akampa aliyemwazima apande, akasimamia, akaja kushtaki, huyu sikuwahi kumwona. Mjumbe, umewahi?"

"Sijawahi," mama Marietha alisema, akarudisha mbegu mdomoni. "Lakini Tanga ni mbali, labda kule ndivyo."

"Basi. Kiwanja ni cha mama Jesca na mtoto wake. Wiki ijayo mje ofisini tuandike, msije mkanisumbua tena."

Leonidas alikuwa ameshatoa funguo. "Mzee, mimi kiwanja chenye maneno sinunui," alimwambia Bonaventura. "Samahani kwa usumbufu."

"Na lile shamba la Issuna, bosi?"

"Tutawasiliana. Nitakupigia."

Gari likaondoka na vumbi lake. Bonaventura aliliangalia mpaka likapotea nyuma ya minyaa, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba hajampa mtu yule namba yake ya simu.

*

Wazee walipoondoka Bonaventura alirudi kwenye kiti. Alikaa. Labda hakujua mahali pengine pa kwenda; nyumbani kwake kulikuwa na mke aliyeahidiwa sofa.

Asnath akaja, akasimama mbele yake na ungo wa mtama. Akangoja.

Bonaventura alimtazama, akatazama pembeni. "Unajua na mimi," alisema kwa sauti ndogo, "Tanga kule walikuwa wananiita wewe. Wewe, peleka hili. Wewe, lete lile. Hata jina walikuwa hawalijui."

Lilikuwa neno la kweli, pengine la kwanza kulisema ndani ya ua ule. Asnath alilisikia likipita karibu na moyo wake, likikaribia kuingia. Halikuingia. Alikuwa amekaa kwenye dumu siku nzima.

"Shemeji," alisema, "naomba kiti."

Akainuka. Alipofika kwenye uwazi wa minyaa aligeuka. "Huo mti mnaukosea. Hapo kwenye pindo uwekewe mti wa kuuegemeza. Mwakani nitakuja kuuangalia."

"Ukija, ubishe hodi."

Jesca alingoja mpaka koti likaisha kuonekana, ndipo akakaa chini akacheka mpaka akalia, akamuuliza mama yake kama ataanza kula mafenesi sasa, maana ndiyo yaliyowapa nyumba.

"Nile kitu kinachonuka hivyo? Utauza," Asnath alisema. "Utampelekea yule mke wa Muleba, umpige bei mpaka alie tena."

Kisha akaenda nyuma ya bafu. Mti ulikuwa umesimama kwa pindo lake, haujui kama umekunjwa kitaalamu. Akaliokota tenga, akaligeuza mikononi. Ndani, kwenye fito, kulikuwa na manyoya mawili matatu ya kuku. Zefania aliyaweka. Hata uongo wake alikuwa ameutandikia.

"Mwoga wewe," alimwambia, aliko. "Kuku wako ameangua."

Akalivunja tenga kwenye goti, fito kwa fito, akawashia moto wa kuchemshia maji. Yalipopata joto akaoga, taratibu, akajimiminia mpaka ya mwisho, na maji yakashika mfereji yakaenda yanakokwenda siku zote.